R22: GESI YA AC INAYOAGA TARATIBU

Fundi akisema R22 imepanda bei, wengi wanahisi wanapigwa. Kumbe stori imeanza mbali. Mwaka 1974 wakemia wawili huko California walionya kwamba gesi za CFC zinaharibu tabaka la ozoni. 1987 ukasainiwa mkataba wa Montreal. R22 nayo ina klorini, ikaingia kwenye foleni ya kuondolewa: Marekani ilisitisha kuitengeneza na kuiingiza 2020, nchi kama Tanzania na Kenya mwisho ni 2030, ibaki kidogo tu ya matengenezo.

Mrithi wake, R410A, haili ozoni ila inaongeza joto duniani, ndo maana makubaliano ya Kigali ya 2016 yakaigusa pia.

AC yako ya zamani hujakatazwa kuiwasha. Ila usikubali ijazwe R32: presha yake ni kubwa na inashika moto. AC haili gesi, ikipungua ujue inavuja. Izibwe kwanza.

Yako inatumia gesi gani?