Sauti Ndani ya Kelele

Ndugu msomaji, ile nyota kali ambayo nyakati fulani huiona magharibi jua likishazama si nyota hata kidogo. Ni sayari, jina lake Zuhura. Mimi niliishia kidato cha nne na fizikia ilinipiga chenga, lakini habari za vyombo vilivyotumwa kupima hewa ya sayari hiyo nimezisoma kama riwaya.

Mwaka 1967 Warusi walirusha Venera 4, chombo kisicho na mtu ndani. Tarehe 18 Oktoba kikaingia kwenye hewa ya Zuhura, mwavuli ukafunguka, kikawa kinashuka taratibu huku kikituma vipimo kwa redio. Ndipo ikajulikana kwamba hewa ile karibu yote ni kaboni dioksaidi. Baada ya saa moja na nusu hivi, kimya. Warusi wakatangaza: kimetua!

Kumbe wapi! Kesho yake chombo cha Wamarekani, Mariner 5, kilipita karibu na Zuhura. Vipimo vya pande mbili vilipolinganishwa, hesabu zikakataa. Venera 4 ilinyamaza ikiwa bado angani, zaidi ya kilometa 20 kutoka ardhini.

Hapo nikaona aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi niliutangazia mtaa mzima kwamba riwaya yangu imekwisha. Watu wakanipongeza, mama akachinja kuku. Ukweli ni kwamba ilikufa ukurasa wa 40, na tangu hapo namkwepa kila anayeiulizia.

Wenzetu walikubali kwamba hawakufika. Wangeng'ang'ania uongo, wasingejua kwamba hewa ya kule ni nzito kuliko walivyodhani. Mwezi Januari 1969 wakarusha Venera 5 na Venera 6, zimeimarishwa zaidi. Nazo zikapondwa njiani. Basi Venera 7 wakaijenga iweze kuhimili mgandamizo mara 180 ya huu wa kwetu.

Tarehe 15 Desemba 1970 ikashuka. Mwavuli ukaharibika, chombo kikaanguka kwa kishindo, redio ikawa kama imekufa. Yale yale, jamani! Lakini baadaye wataalamu waliirudia mikanda waliyorekodi, na ndani ya kelele tupu wakakuta sauti hafifu, kama asilimia 1 tu ya nguvu yake ya awali. Kwa dakika 23 chombo kilikuwa kimelala ardhini kikitaja kitu kimoja tu: joto. Nyuzi 475 za sentigredi, joto la kuyeyusha madini ya risasi! Kutokana na joto hilo wakakokotoa kwamba mgandamizo wa kule ni kama mara 90 ya wa huku. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza kupokelewa kutoka ardhi ya sayari nyingine.

Juzi nilimwambia mama ukweli. Alicheka sana, kisha akadai kuku wake. Ukurasa wa 41 nimeuanza jana usiku.