Betri ya kumbukumbu (risiva ya stirio)

Betri ya kumbukumbu ni betri ndogo iliyofungwa ndani ya kifaa cha elektroniki ili kumbukumbu yake isifutike umeme unapokatika. Makala hii inahusu betri hiyo katika risiva za stirio, yaani vifaa vya nyumbani vinavyounganisha redio na amplifaya katika sanduku moja, hasa zile zilizotengenezwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1990. Katika risiva hizo betri hutunza masafa ya stesheni ambazo mwenye kifaa amezihifadhi kwenye vitufe.

Betri nyingi za wakati huo zimeshapita umri wake. Betri inayoisha nguvu tu huleta usumbufu mdogo: stesheni hupotea, nazo hutafutwa upya kwa dakika chache. Betri inayovuja ni jambo lingine, kwa kuwa kemikali yake hula bodi ya saketi na inaweza kukiua kifaa ambacho sehemu zake nyingine zote ni nzima. Kwa hiyo kuibadilisha ni kazi ya kuokoa risiva zaidi kuliko kuokoa stesheni.

Kwa nini risiva inahitaji betri

Redio za zamani zaidi hazikuwa na shida hii. Msikilizaji alizungusha kitufe, kamba ikavuta sindano na kugeuza mabamba ya kapasita, na stesheni ikapatikana. Umeme ungekatika hata mwezi mzima, sindano ilibaki pale pale ilipoachwa.

Redio ya kidijiti hufanya kazi kwa njia tofauti. Masafa yake hutengenezwa na saketi inayojilinganisha na fuwele ya kwatzi, na mikroprosesa ndiyo inayoiambia saketi hiyo itumie namba gani. Namba hizo hukaa katika chipu ya kumbukumbu. Stesheni 16 huhitaji makumi ya baiti tu, lakini chipu za kawaida za wakati huo zilisahau kila kitu mara umeme ulipoondoka.

Suluhisho lilitokana na chipu za aina ya CMOS, ambazo zikiwa zimetulia hutumia umeme kidogo sana, mara nyingi mikroampea chache. Nyingi hutunza data hata volti zikishuka hadi 2 hivi. Betri ya kifungo ya aina ya CR2032 ina volti 3 na uwezo wa miliampea-saa 220 hivi. Chipu inayotumia mikroampea 3 ingeweza kutunzwa na betri hiyo kwa saa zaidi ya 73,000, yaani miaka 8 na kidogo, hata kama risiva haichomekwi kabisa. Ikiwa risiva iko kwenye umeme muda mwingi, betri hudumu zaidi.

Baadaye watengenezaji walianza kutumia chipu za EEPROM, ambazo hubaki na data bila umeme wowote, na betri ikaanza kutoweka katika risiva mpya.

Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, betri iliyokufa hujulikana upesi. Mahali ambapo haukatiki, hali hiyo inaweza kufichika kwa miaka, hadi siku ya kuhama nyumba.

Aina za akiba ya umeme

Kabla ya kununua chochote, fundi hutazama ni aina gani iliyomo, maana haziwezi kubadilishana ovyo.

Baadhi ya risiva zina kisanduku nyuma au chini kinachopokea betri kavu za kawaida, kama zile za rimoti. Hizi ndizo rahisi kuliko zote, kwa kuwa hubadilishwa bila kufungua kifaa. Nyingine zina betri ya lithi ya volti 3, ambayo haichajiwi. Mara nyingi imelehemiwa kwenye bodi kwa vibati, na kati yake na chipu kuna dayodi inayozuia umeme wa risiva usiingie ndani ya betri.

Aina ya tatu ni betri ya nikeli-kadmi, inayochajiwa polepole kupitia rezista wakati risiva imechomekwa. Kila seli ina volti 1.2, hivyo seli tatu zilizofungwa pamoja katika ngozi ya plastiki hutoa volti 3.6. Hii ndiyo inayoogopwa zaidi.

Aina ya nne si betri hasa, bali ni kapasita yenye uwezo mkubwa sana. Huonekana kama kidonge kinene chenye maandishi ya volti 5.5 na sehemu ya faradi, kwa mfano faradi 0.047 au 0.1. Watu wengi huiita betri kwa makosa. Kapasita ya faradi 0.1 iliyojazwa hadi volti 5, ikilisha chipu inayotumia mikroampea 1, hushuka hadi volti 2 baada ya saa 83 hivi, yaani siku tatu na nusu. Kwa hiyo risiva ya namna hii ikisahau stesheni baada ya kukaa kabatini mwezi mzima, si lazima iwe mbovu. Ikisahau baada ya nusu saa, kapasita imechoka.

Uvujaji

Betri za nikeli-kadmi, na hata betri kavu za alkali, zina hidroksaidi ya potasiamu. Seli inapozeeka, mihuri yake hulegea na kemikali hiyo hutoka. Haianguki chini kama tone la maji, hutambaa. Hufuata njia za shaba za bodi, huingia chini ya rangi ya kijani inayozifunika, na huweza kupanda kwenye waya hadi kufika mahali mbali na betri yenyewe. Dalili yake ni unga mweupe au wa buluu-kijani, miguu ya chipu iliyofifia, na shaba iliyogeuka nyeusi. Uharibifu huendelea hata kifaa kikiwa kimezimwa kwa miaka, na ndiyo sababu risiva iliyotunzwa vizuri ndani ya boksi lake inaweza kukutwa imeharibika kuliko ile iliyotumika kila siku.

Uchafu huo pia hupitisha umeme kidogo kati ya njia mbili zilizo jirani. Matokeo yake ni tabia za ajabu: vitufe vinavyojibonyeza, namba za kioo zisizosomeka, au betri mpya inayokwisha ndani ya wiki chache.

Kusafisha huanza kwa kuondoa betri. Kwa kuwa kemikali ni alkali, hupakwa asidi dhaifu, kwa kawaida siki nyeupe, kwa brashi laini. Siki yenyewe isiachwe, kwani nayo hula chuma: husuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi (yale yanayouzwa kwa kuongezea betri za gari, si asidi yake), kisha kwa spiriti, na bodi huachwa ikauke kabisa. Shaba iliyobaki nyeusi hukwanguliwa taratibu mpaka ing'ae, vinginevyo lehemu haishiki. Njia iliyokatika huunganishwa kwa waya mwembamba. Glavu na miwani ni vya lazima, na chumba kiwe na hewa ya kutosha. Kadmi ni sumu, na moshi wake ni hatari zaidi.

Kubadilisha

Risiva huchomolewa ukutani kwanza. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu sehemu inayopokea umeme wa ukutani hubaki na umeme maadamu plagi imechomekwa. Kapasita kubwa za amplifaya nazo huhifadhi makumi ya volti kwa muda, hivyo husubiriwa dakika kadhaa na kupimwa kwa multimita kabla ya kugusa chochote. Wako wanaobadilisha betri huku kifaa kimechomekwa ili stesheni zisipotee. Kuhatarisha maisha kwa ajili ya orodha inayoweza kuandikwa kwenye karatasi ni ujinga mtupu.

Baada ya kufungua kifuniko, picha hupigwa ili upande wa chanya na wa hasi usisahaulike. Mara nyingi bodi hutakiwa kuondolewa ili kufikia sehemu zilizolehemiwa upande wa chini. Lehemu ya zamani huyeyushwa na kufyonzwa. Kuivuta betri kwa nguvu hung'oa njia ya shaba pamoja nayo.

Betri ya lithi hubadilishwa na ya lithi yenye volti zilezile. Pasi ya kulehemu haigusishwi moja kwa moja kwenye mwili wa betri, kwani joto huharibu muhuri wake na linaweza kuipasua. Hununuliwa yenye vibati, au hufungwa kishikio ambacho betri huchomekwa tu. Kishikio ni bora, kwa kuwa atakayeirudia kazi hiyo baada ya miaka kumi hatahitaji pasi.

Nikeli-kadmi inaweza kubadilishwa na betri ya nikeli-metali hidridi ya volti zilezile. Mafundi wengi hufunga mpya kwa waya, mbali na bodi, ndani ya mfuko wa plastiki, ili hata ikivuja siku moja isiifikie saketi. Wengine hupendelea kapasita ya volti 5.5, ambayo haihitaji kubadilishwa mara kwa mara.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuweka betri ya lithi isiyochajiwa mahali palipokuwa na betri ya kuchajiwa. Risiva itaendelea kusukuma umeme ndani yake, nayo inaweza kuvimba, kuvuja au kupasuka. Anayetaka kuiweka huko ni lazima aongeze dayodi na kukata njia ya kuchajia. Dayodi ya kawaida ya silikoni inaweza kupunguza hadi volti 0.6 hivi, ya aina ya Schottky hupunguza kidogo zaidi ya nusu ya hapo au chini yake, na hivyo humwachia chipu nafasi zaidi betri inapozeeka.

Kazi hupimwa kwa kuhifadhi stesheni, kuchomoa risiva usiku kucha na kuichomeka tena. Ikiwa imesahau, huangaliwa kwanza kama betri imewekwa kinyume. Njia rahisi ya kujua matumizi ni kuunganisha rezista ya kiloomu 1 katika mfuatano na betri na kupima volti zake: kila milivolti 1 ni mikroampea 1. Kipimo cha makumi ya mikroampea kwa kawaida huonyesha uchafu uliobaki kwenye bodi au sehemu inayovujisha umeme.

Vifaa vingine

Tatizo hilo liko katika vifaa vingi vya wakati huo, ila uzito wake hutofautiana. Kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983 hutunza sauti 32 kwa betri ya lithi. Baadhi ya kaseti za michezo ya Nintendo, ikiwemo The Legend of Zelda, hupoteza maendeleo ya mchezaji. Kompyuta za Amiga 2000 zinajulikana kwa bodi zilizoliwa na betri za nikeli-kadmi, na konsoli ya kwanza ya Xbox ya mwaka 2001 ina kapasita ya saa ambayo nayo huvuja. Kali kuliko zote ni bodi za michezo za Capcom CPS-2: betri yao hutunza ufunguo wa kufumbulia programu, hivyo ikifa, mchezo wenyewe haufanyi kazi tena.

Utupaji na usalama

Betri zilizotolewa hazichomwi moto wala kutupwa kisimani au shambani. Za nikeli-kadmi hutengwa kwa sababu ya sumu. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya mwaka 2006, ulizuia uuzaji wa betri ndogo zenye kadmi zaidi ya asilimia 0.002 ya uzito, isipokuwa kwa matumizi machache. Betri za kifungo huzibwa kwa gundi ya karatasi pande zote mbili ili zisigusane, na huwekwa mbali na watoto, mpya na zilizokwisha vilevile. Ikimezwa na kukwama kooni, betri ya lithi yaweza kuunguza nyama vibaya ndani ya saa 2, hata kama haina tena nguvu ya kutunza stesheni moja. Mtoto hupelekwa hospitali mara moja bila kusubiri dalili.