Dhamana ya Joto: Majeraha ya Kuungua Kazini huko Gisenyi

Aghalabu mfanyakazi aunguapo, watu husema kwamba hakuwa na hadhari, na kwa neno hilo shauri hufungwa. Lakini hukumu hiyo si ya haki, kwa kuwa joto la kazini hujulikana kipimo chake na mahali pake kabla halijamdhuru mtu, na dhamana ya madhara yajulikanayo mapema humwangukia kwanza yule aliyeipanga kazi.

Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, ni mahali pafaapo kulipima dai hili. Hapo kipo kiwanda cha bia cha Bralirwa, ambacho katika miaka ya 1960 kilianza kutumia gesi ya methani iliyovutwa kutoka vilindi vya Ziwa Kivu. Huko Pfunda majani ya chai hukaushwa kwa hewa ya moto. Na mitaani, hadi mpakani mwa Goma, wamo wachomeaji vyuma na wakaangaji wa sambusa na mandazi.

Elimu ya majeraha haya si ngeni. Mwaka 1947 Moritz na Henriques, wataalamu wa Marekani, walibainisha kwamba maji ya nyuzi 60 huiunguza ngozi hadi ndani kwa muda wa sekunde 5 hivi. Mvuke una ukali kupita ule wa maji, maana ugeukapo maji juu ya ngozi hutoa joto lililofichika ndani yake, ambalo, kilo kwa kilo, ni zaidi ya mara 8 ya lile litolewalo na maji yachemkayo yapoapo hadi joto la mwili. Ni hadhari gani basi ya mwanadamu, aliyechoka kwa zamu ya usiku, itakayoyashinda mambo ya sekunde 5?

Kwa hiyo kinga ina utaratibu wake: kwanza joto lisilo la lazima liondolewe, kisha mabomba yafunikwe, vali zikaguliwe, na njia ya watu itengwe na njia ya mvuke, ndipo zifuate glavu na miwani, na nasaha ziwe za mwisho.

Atasema mtu kwamba hayo ni ya viwanda vyenye mali, si ya mkaangaji mwenye karai moja. Lakini sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66 ya mwaka 2018, yawahusu hata waajiriwa wa sekta isiyo rasmi katika afya na usalama kazini; na jiko lisiloyumba, mfuniko wa kuuzimia moto wa mafuta, na maji safi ya bomba ya kulipoza jeraha kwa dakika 20, badala ya kulipaka dawa ya meno, si gharama ya kumfilisi mtu.

Basi kila kuungua kuandikwe daftarini, na kabla ya kuulizwa ni mkono wa nani uliogusa, mwenye kazi aulizwe kwa nini joto lile liliachwa wazi.