Shepparton, Australia: Mahali pa kutembelea ukifika, na yale utakayojifunza huko

Familia zinazopelekwa Australia kutoka nchi za Maziwa Makuu hazipangiwi Sydney au Melbourne pekee. Nyingine hupelekwa katika miji ya mikoani. Mmoja wao ni Shepparton, katika jimbo la Victoria. Mwaka 2005 serikali ya Australia ilianzisha hapo mpango wa majaribio wa kuwapokea wakimbizi nje ya miji mikubwa, na familia kumi za kwanza zilitoka Kongo. Tangu wakati huo Kiswahili kimekuwa mojawapo ya lugha zinazosikika mjini humo.

Kama umepangiwa Shepparton, au una ndugu aliyeko huko, makala haya yanakueleza sehemu zinazofaa kutembelewa. Wageni wengi hupitisha miezi ya mwanzo kati ya nyumba, ofisi na darasa la Kiingereza tu, kwa kudhani kwamba matembezi ni ya watu wenye pesa. Hapa sehemu nyingi ni za bure. Jambo lingine ni hili: ukiishi Australia kwa viza ya ukimbizi ya kudumu, huhitaji kibali cha kutoka. Unaweza kwenda mji wowote, siku yoyote, bila kumwomba mtu ruhusa. Waliokaa kambini miaka mingi huchukua muda kulizoea jambo hili, na matembezi ya karibu ni njia nzuri ya kuanza.

Mji wenyewe

Shepparton uko takribani kilomita 180 kaskazini mwa Melbourne, mahali ambapo mto Broken unaingia katika mto Goulburn. Ukijumlisha na Mooroopna, mji jirani ulio ng'ambo ya mto, wakazi ni zaidi ya 50,000. Ardhi ni tambarare na inamwagiliwa maji kwa mifereji. Wakulima wanapanda mapea, mapichi na matofaa, na wanafuga ng'ombe wa maziwa. Kiwanda cha kusindika matunda cha SPC kilianzishwa hapa mwaka 1917.

Majira ni kinyume na ya Ulaya. Desemba hadi Februari ni kiangazi, na joto linaweza kupita nyuzi 40. Juni hadi Agosti ni baridi, na asubuhi utakuta barafu nyembamba juu ya majani.

Ziwa, ng'ombe na makumbusho ya sanaa

Anzia Ziwa la Victoria Park, karibu na katikati ya mji. Ni dogo, unalizunguka kwa miguu bila kuchoka. Kuna michezo ya watoto na majiko ya umeme ya kuchomea nyama. Majiko hayo ni ya umma: unabonyeza kitufe, unapika, unasafisha, unamwachia mwingine. Hakuna malipo.

Utakutana pia na ng'ombe. Ni sanamu za faiba zenye ukubwa wa ng'ombe halisi, kila mmoja amepakwa rangi na michoro yake, wamesimama kwenye bustani na kando ya barabara. Mji uliwaweka ili kuheshimu kazi ya maziwa inayoulisha. Mzee aliyechunga ng'ombe Minembwe au Masisi huenda akacheka akimwona ng'ombe wa buluu, lakini atakubali kwamba watu wa mji huu wanajua thamani ya mnyama huyo.

Kando ya ziwa lipo jengo refu la Makumbusho ya Sanaa ya Shepparton, linalojulikana kwa kifupi SAM, lililofunguliwa Novemba 2021. Kiingilio ni bure. Makumbusho haya yanasifika kwa mkusanyiko wake wa kazi za udongo wa kufinyangwa. Ndani ya jengo hilo hilo kuna Kaiela Arts, kituo cha wasanii Waaborijini, ambako unaweza kuona kazi zao.

Wenyeji wa kwanza

Ardhi hii ni ya Wayorta Yorta. Kaiela ndilo jina lao la mto Goulburn. Katikati ya mji utaona michoro mikubwa ya nyuso kwenye kuta za majengo. Wawili kati ya waliochorwa ni William Cooper na Sir Douglas Nicholls. Simama uwatazame, kwa sababu habari yao inakuhusu.

Februari 1939, wakazi wa Cummeragunja, makazi ya Waaborijini yaliyokuwa chini ya usimamizi mkali wa serikali ya New South Wales, walichoshwa na njaa na udhalilishaji. Zaidi ya watu 150 walibeba walichoweza, wakavuka mto Murray na kuingia jimbo la Victoria. Wengi waliishia The Flats, eneo la kando ya mto kati ya Mooroopna na Shepparton, wakajenga vibanda kwa mabati na magunia. Walikuwa wamehama bila kutoka katika ardhi ya mababu zao.

Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 1938, Cooper aliongoza ujumbe hadi ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini Melbourne kupinga mateso ya Wayahudi. Yeye mwenyewe hakuwa na haki kamili za raia, lakini aliwasemea watu wa mbali ambao hakuwahi kuwaona. Nicholls alikuwa mcheza mpira maarufu, kisha mchungaji. Mwaka 1976 akawa Mwaborijini wa kwanza kuwa gavana wa jimbo nchini Australia.

Gari la maji lililozaa neno

Kusini mwa mji, eneo la Kialla, kuna makumbusho ya magari yanayoitwa MOVE. Haya yana kiingilio. Ndani yake utaona magari ya maji ya Furphy. John Furphy alikuwa mhunzi wa Shepparton katika karne ya 19. Alitengeneza tangi la chuma lililolazwa juu ya magurudumu na kuvutwa na farasi, likapeleka maji mashambani.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia magari hayo yalitumika katika kambi za jeshi. Askari walikusanyika hapo kuchota maji, na penye maji pana maneno: nani atahamishwa, lini, wapi. Mengi hayakuwa kweli. Ndipo jina Furphy likageuka kuwa neno la kawaida la Kiingereza cha Australia lenye maana ya uvumi. Yeyote aliyepanga foleni ya ndoo bombani kambini analielewa neno hili bila mwalimu.

Kuna uvumi kuhusu miji hii pia: eti kupelekwa mkoani ni kutupwa porini, eti ukilipa mtu utabadilishiwa mji. Shepparton ina hospitali, shule za sekondari, chuo na treni. Na kumbuka kwamba huduma zote za UNHCR, pamoja na hatua zote za kupelekwa nchi ya tatu, ni bure. Anayekudai pesa ni tapeli, mripoti.

Waliofika kabla yako

Katika miaka ya 1920 vijana kutoka Albania walianza kufika hapa kufanya kazi mashambani. Msikiti waliojenga ulikamilika mwaka 1960, na ndio wa kwanza katika jimbo lote la Victoria. Bado unatumika. Baadaye walikuja Waitaliano, Waturuki, Wairaki, Waafghanistani, Wasudani na Wakongo. Uliza kuhusu tamasha la Converge on the Goulburn, ambalo jamii hizi hukutana kwa chakula, ngoma na mavazi.

Ukipata usafiri, nenda Tatura, kama kilomita 20 kutoka Shepparton. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia eneo hilo lilikuwa na kambi saba za wafungwa wa vita na raia wa nchi adui. Miongoni mwa waliofungiwa humo walikuwamo Wayahudi waliomkimbia Hitler. Uingereza iliwasafirisha mwaka 1940 kwa meli ya Dunera kwa kuwa tu walikuwa na asili ya Ujerumani na Austria. Makumbusho madogo ya Tatura yanahifadhi picha na vitu walivyotengeneza kambini. Baada ya kuachiliwa, mamia yao walibaki Australia wakawa walimu, wanasayansi na wasanii.

Tahadhari za mtoni

Njia za miguu kando ya Goulburn, chini ya mikaratusi mikubwa, ni nzuri kwa familia. Lakini mto huu si wa kuogelea ovyo. Maji ni baridi hata wakati wa joto, kina hubadilika ghafla, na magogo yamelala chini yasionekane. Watu waliohamia Australia kutoka nchi nyingine huzama mara kwa mara kwa kutojua hatari hizi. Wapeleke watoto kwanza kwenye bwawa la umma lenye waokoaji, wafundishwe kuogelea. Oktoba 2022 mto ulifurika na kuingia katika nyumba nyingi, kwa hiyo fuata matangazo ya hali ya hewa.

Kiangazi vaa viatu, maana nyoka wapo. Siku inapotangazwa marufuku ya moto, usiwashe kuni wala makaa nje.

Kabla ya kutoka nyumbani

- Treni kutoka kituo cha Southern Cross, Melbourne, huchukua kama saa mbili na nusu. Tangu Machi 2023, nauli ya siku nzima kwenda mikoani haizidi ile ya ndani ya Melbourne.
- Kama una kadi ya punguzo, ibebe. Nauli na viingilio vingi hupungua.
- Makumbusho madogo hayafunguliwi kila siku. Piga simu kwanza.
- Ukihitaji mkalimani wa Kiswahili, piga 131 450 na useme "Swahili". Kwa dharura ya polisi, moto au gari la wagonjwa, piga 000.
- Kama unamtembelea ndugu kwa mara ya kwanza, mwombe akupeleke kwanza ziwani. Beba chakula, bonyeza kitufe cha jiko, na ukimaliza lisafishe.