Gari la Chini: Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga kwa Chrysler

Mwezi Agosti 2018 familia yangu ilinipa kazi ambayo hakuna shahada inayomwandaa mtu kuifanya: kulifikisha Sumbawanga gari la maharusi. Binti wa kaka yangu alikuwa anaolewa, na kamati ya harusi, baada ya vikao vingi kuliko vya Baraza la Madiwani, iliamua kukodi Mbeya gari ambalo mji haujalizoea, yaani Chrysler 300C nyeusi. Dereva aliyepaswa kuja nalo alifiwa siku mbili kabla ya safari. Mwenye gari alikubali, kwa shingo upande na kwa dhamana nene, nije nalo mwenyewe. Hivyo ndivyo mhadhiri wa historia, aliyezoea kigari chake cha Kijapani chenye umri wa wanafunzi wake, alivyojikuta nyuma ya usukani wa saluni kubwa ya Kimarekani.

Nimesema ya Kimarekani, lakini neno hilo lina utata, na utata huo ndio ulioanza kunifikirisha tangu sijatoka Mbeya. Chrysler ni kampuni ya Detroit. Hata hivyo, mwaka 1998 iliunganishwa na Daimler-Benz ya Ujerumani, na 300C ilipotokea mwaka 2004, mifumo yake ya kubebea magurudumu ilikuwa imetokana na Mercedes. Yale yaliyouzwa nje ya Amerika ya Kaskazini yaliunganishwa kwa miaka kadhaa mjini Graz, Austria. Hili letu lilikuwa la usukani wa kulia. Kwa hiyo wazee wetu waliobuni neno “wabenzi” kuwasema viongozi walionenepa baada ya Uhuru wangecheka sana: ndani ya umbo la Detroit nilikuwa nimekalia viungo vya Benzi.

Niseme ukweli kuhusu kuliendesha, maana najua vijana watauliza. Gari lina urefu wa takribani mita 5, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3 na ushei. Madirisha yake ni membamba, mithili ya matundu ya ukuta wa boma, na boneti inatangulia mbele kama meza ya mwenyekiti. Katika msongamano wa Tunduma, kati ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia, niliogopa upana wake hadi jasho likanitoka. Kibaya zaidi, kijiti cha indiketa kiko kushoto na si kulia kama katika magari yetu ya Japani. Kila nilipotaka kukata kona, mkono wangu ulikwenda upande usio wake, na wapita njia wakanitazama kwa huruma.

Nilipoupa mgongo mji na kushika njia ya Ufipa, mambo yalibadilika. Gari zito huipenda barabara ndefu. Injini ilinong’ona tu, gia zilibadilika bila mimi kujua, na mwendo wa 80 ulikuwa kama wa 40, jambo ambalo ni hatari kwa mtu anayeingia kijijini penye kibao cha 50 na askari mwenye tochi. Uwanda wa juu wa Ufipa mwezi Agosti ni nyasi zilizokauka, upepo wa baridi, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na anga pana kupita kiasi. Nilipita Ikana, Laela na Mpui nikiwa kama mtu aliyekalia kochi la sebuleni huku nchi ikisogezwa na mtu mwingine. Bi harusi mtarajiwa, aliyekuja nami kutoka Mbeya alikokuwa akifanya kazi, alilala usingizi. “Baba Mdogo,” aliniuliza alipoamka, “tumeshafika Laela?” Tulikuwa tumeiacha zamani.

Usingizi huo ulinigusa. Hakuna mtu wa rika langu aliyewahi kulala katika barabara hiyo. Nilipokuwa nikisafiri kwenda masomoni, Sumbawanga hadi Tunduma ilikuwa safari ya kutwa nzima kiangazi, na masika ilikuwa safari ya majaliwa. Tulishuka kusukuma basi, tulilala njiani, tulifika tukiwa na rangi moja, ya vumbi jekundu. Kabla yetu hali ilikuwa ngumu zaidi. Wafipa walikuwa mafundi wa chuma. Matanuri yao ya udongo, marefu kuliko mtu, mabaki yake yangalipo katika uwanda huu. Majembe yao yalisafiri kwa mabega ya watu. Wajerumani walipojenga boma la Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, kando ya Ziwa Tanganyika, shehena zao zilipanda na kushuka kwa vichwa vya wapagazi. Reli iliyofika Mpanda karibu na mwaka 1950 ilifuata madini ya risasi ya huko, haikutufuata sisi. TAZARA ilipita Tunduma katika miaka ya 1970 ikielekea Kapiri Mposhi. Ufipa iliendelea kutazama mambo kwa mbali.

Magari ya Kimarekani hayakuanza kufika nchini mwetu na Chrysler hii. Katika miaka ya 1920 barabara za Tanganyika na Kenya zilitawaliwa na Ford na Chevrolet, ingawa mkoloni alikuwa Mwingereza. Sababu ni mbili, na zote ni za kisiasa. Kwanza, Mkataba wa Berlin wa 1885 na makubaliano yaliyoufuata vililiweka eneo letu katika ukanda wa biashara huria wa bonde la Kongo, na hati ya udhamini ya mwaka 1922 ikasisitiza usawa wa kibiashara; kwa hiyo Uingereza haikuweza kuyapendelea magari yake kwa ushuru nafuu. Pili, Uingereza kwenyewe magari yalitozwa kodi iliyohesabu upana wa silinda, hivyo viwanda vikaunda injini ndogo za kwenda katika barabara zilizokwisha kusakafiwa. Marekani ya wakati huo ilikuwa nchi ya matope. Ford aina ya T, iliyoanza mwaka 1908, iliundwa kwa ajili ya mkulima asiye na barabara: ilikuwa ndefu kwenda juu, nyepesi, na iliweza kuvuka mtaro. Ndiyo maana ilitufaa.

Wanafunzi wangu hushangaa ninapowaambia kuwa Mmarekani alikuwa mtu wa magari ya juu kwa sababu alikuwa na barabara mbovu. Gari lake lilishuka chini baadaye, na lilishuka kwa hatua za serikali. Sheria ya barabara kuu iliyotiwa saini na Rais Eisenhower mwaka 1956 ilipanga mtandao wa maili 41,000, na serikali kuu ikabeba asilimia 90 ya gharama. Saluni ndefu, nzito, inayokaribia kubusu lami, ni mtoto wa bajeti hiyo. Ukiikalia unaamini kwamba ulaini unaousikia umetengenezwa kiwandani. Sehemu kubwa ya ulaini huo umetengenezwa na walipa kodi, kilomita baada ya kilomita, chini ya tairi.

Na lami niliyokuwa nikiikanyaga, je, ililipwa na nani? Hapa hadithi inajipinda. Tarehe 17 Februari 2008, Rais George W. Bush na Rais Jakaya Kikwete walitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa dola milioni 698 kupitia Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Ndani yake ilikuwamo barabara ya Tunduma–Sumbawanga, kilomita zipatazo 224, iliyogawanywa vipande vitatu: Tunduma–Ikana, Ikana–Laela na Laela–Sumbawanga. Muda wa mkataba uliisha Septemba 2013. Kwa hiyo siku ile nilikuwa ninaendesha saluni ya Kimarekani juu ya barabara iliyolipiwa na Mmarekani, na vyote viwili vilipatana kama kidole na pete. Sishangai kwamba vilipatana.

Mkataba wa pili, wa dola milioni 472, haukufika. Machi 2016 bodi ya shirika hilo ilipiga kura kusitisha ushirikiano, ikitaja uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na matumizi ya Sheria ya Makosa ya Mtandao. Wakati ule niliwaeleza wanafunzi kwamba uamuzi huo ulikuwa halali, na sijabadili mawazo: anayetoa fedha zake ana haki ya kuweka masharti, na masharti yale hayakuwa ya uonevu. Kilichonisumbua ni udhaifu wetu. Nchi iliyopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa bado inangoja kura ya watu wachache mjini Washington ili ijue kijiji gani kitapata nini. Wanaharakati tulishangilia au tulilaani, kila mmoja kwa upande wake, na ni wachache waliouliza kwa nini kura ile ilikuwa na uzito huo.

Hapa niwageukie kidogo watumishi wa umma wanaonisoma, tena bila chuki, maana wengi ni wanafunzi wangu wa zamani. Shangingi mlilopewa lina hoja moja kubwa: barabara zetu ni mbaya. Hoja ni ya kweli. Lakini gari la juu lina tabia moja ambayo sikuielewa mpaka nilipokaa chini. Linameza mashimo. Kiongozi aliye ndani yake hupita barabara mbovu miaka mitano bila kiuno chake kutoa ushahidi. Aliye katika saluni hawezi. Kila shimo humfikia kama barua. Mimi siamini kwamba kuwabadilishia magari kutaleta lami, ila nimeanza kushuku kwamba kwa miongo mingi tumenunua urefu wa magari badala ya kununua barabara, na kwamba fedha hizo mbili zimetoka katika mfuko uleule.

Shaka hiyo ilikomaa siku ya tatu. Mama yangu, bibi yake bi harusi, anaishi kijijini, kilomita tisa kutoka lami, upande wa kushoto ukitokea Mpui kwenda Sumbawanga. Kamati ilikuwa imepanga aletwe kwa pikapu hadi njia panda, ambako mjukuu angeshuka katika Chrysler, apokee baraka zake, apigwe picha, na msafara uendelee kanisani. Mama alikataa. Alituma ujumbe kwa mwendesha bodaboda, neno kwa neno: mjukuu hubarikiwa uani pa nyumba, habarikiwi barabarani kama mzigo unaopimwa mizani.

Kaka alikasirika, muda ulikuwa unakwenda. Nikasema nitajaribu. Nilikuwa na kiburi cha siku tatu za lami, nacho kilinidanganya. Niliingia njia ya vumbi polepole, mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Kilomita ya kwanza ilikwenda. Katika ya pili nilisikia mgongo wa udongo kati ya nyayo za matairi ukilikwaruza tumbo la gari, sauti ndefu, na nikaikumbuka dhamana niliyoweka. Katika ya tatu kulikuwa na mtaro uliochimbwa na maji ya masika yaliyopita, ambao hakuna aliyeuziba. Ford ya mwaka 1925 ingeuvuka. Chrysler iliweka kidevu chini na kusimama, pua ikiwa upande mmoja na mkia upande mwingine.

Vijana wanane walitoka shambani na kulirudisha nyuma kwa mikono, wakicheka kwa adabu, kisha mmoja akaniuliza bei ya kulikodi kwa siku. Nilipomtajia alinyamaza, akatazama ule mtaro, akanitazama tena. Hakusema kitu, wala mimi sikusema, lakini nadhani tulipiga hesabu moja.

Bi harusi alivua viatu. Alikunja gauni lake hadi magotini, akakaa katika kiti cha mbele cha pikapu ya jirani iliyokuwa imebeba kreti za soda, akaenda. Mimi nilipanda nyuma pamoja na soda. Tulipofika, Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya mwembe, amevaa kitenge chake kipya, uso umetulia kama wa mtu aliyeshinda kesi. Alimpaka mjukuu unga usoni, akamwombea kwa muda mrefu, kwa Kifipa, na hakuna aliyethubutu kutazama saa.

Tulipokuwa tukiaga nilimweleza, kwa namna ya kuomba radhi, kwamba gari la maharusi limeshindwa kufika, limebaki kwenye mtaro.

“Si ni gari la Wamarekani?” aliuliza. Alikuwa amekwisha kusikia.

“Ndilo, Mama.”

“Na ile barabara kubwa, si ndio hao hao?”

“Ndio hao hao.”

Akafikiri. “Basi wamejitengenezea gari la kwenda pale walipojenga. Na ninyi mliosoma, mwanangu, mmejitengenezea gari gani?”

Nilimwambia tutachelewa kanisani. Pikapu iliwaka kwa shida, tukarudi taratibu hadi kwenye mtaro, ambapo Chrysler ilikuwa inangoja, imegeuzwa tayari na wale vijana, imetazama kwenye lami.