Kwa Nini Pumu Hubana Usiku

Leo tutazunguka mbali kidogo kabla ya kurudi nyumbani.

Asubuhi moja mama alinijia zahanatini na mwanawe wa miaka saba. "Sista, usiku kucha kifua kilikuwa kinalia kama filimbi." Nilimpima kifua, kikawa kimya. Nikamwambia ni baridi tu, wakaenda zao. Nilikosea, na kosa hilo ni la zamani.

Mwaka 1698 daktari John Floyer wa Lichfield, Uingereza, alichapisha kitabu kizima kuhusu pumu. Yeye mwenyewe aliugua pumu, kwa hiyo alijua kwamba humshika mtu usiku akiwa amelala. (Ndiye pia aliyetengenezewa saa ya kuhesabia mapigo ya moyo kwa dakika moja. Sisi wauguzi tuna deni kwake!) Lakini kwa nini usiku? Wengine walilaumu baridi, wengine vumbi la godoro. Hapa kwetu wapo waliolaumu jirani.

Jibu lilianzia kwa wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu. Mwaka 1971 huko California, Ronald Konopka na Seymour Benzer waligundua kwamba jeni moja ya nzi huyo ikiharibika, siku yake huwa ya saa 19 au 28 badala ya 24, au hupoteza mpangilio kabisa. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo ya mwili inavyofanya kazi.

Nasi tunazo jeni za namna hiyo, hata mapafuni. Mwaka 2014 watafiti wa Manchester waliondoa moja, iitwayo Bmal1, katika utando wa njia za hewa za panya. Panya hao walipovuta sumu ya bakteria, uvimbe wa mapafu ulipita kiasi. Kumbe saa hiyo ndiyo huutuliza.

Halafu mwaka 2021 ikatoka kazi ya watafiti wa Marekani juu ya watu 17 wenye pumu, waliokaa maabara kwenye mwanga hafifu. Hata wakiwa macho, mapafu yao yalikuwa dhaifu zaidi karibu saa 10 usiku.

Basi yule mama alisema kweli. Mimi nilimpima mtoto saa 4 asubuhi, saa ambayo pumu yake imejificha. Wiki mbili baadaye alikimbizwa hospitali usiku wa manane. Alipona, na sasa ana dawa ya kuvuta ya kila siku.

Kwa hiyo ukija kliniki, tusimulie usiku: aliamka mara ngapi, saa ngapi. Kuamka kwa sababu ya pumu ni dalili kwamba haijadhibitiwa, hata kifua kikiwa kimya mchana. Na ile dawa ya kila siku usiiache kwa kuwa leo anapumua vizuri.