Nani Aliing'oa Reli ya Kusini? Kisa cha Stesheni ya Ruo

Wanafunzi wangu wanaotoka Lindi na Mtwara wana sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi darasani: "Hata reli tulikuwa nayo, wakaing'oa." Wenzao wa mikoa mingine huwa hawaiamini hadi waoneshwe ramani ya zamani. Mimi hunishughulisha zaidi kile kiambishi "wa". Ni akina nani hao?

Katika ramani za miaka ya 1950 kuna jina la Ruo, kijiji cha bara, nyuma ya Lindi. Hapo ndipo njia mbili zilipokutana: moja iliyotoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na nyingine iliyotoka Mtwara. Kutoka Ruo reli ilielekea magharibi hadi Nachingwea. Kwa miaka michache, kijiji ambacho leo msafiri hukipita bila kugeuza shingo kilikuwa njia panda ya reli zote za kusini.

Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya watu wa Ruo, wala wa Nachingwea. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukapita nchini kwa haraka na kurudi na makadirio ya zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, na sehemu kubwa ya hizo zikiwa Jimbo la Kusini. Kazi ilianzia Kongwa kwa sababu Reli ya Kati ilikuwa karibu. Kusini hapakuwa na reli wala bandari yenye kina cha kutosha, hivyo vyote viwili vilibidi vijengwe, na vilianza kujengwa kabla udongo wenyewe haujathibitishwa kwamba unafaa. Mtumishi wa umma anayesoma hapa atautambua utaratibu huo bila mimi kumtajia miradi ya leo.

Treni zilifika Nachingwea mwaka 1949. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya mazishi ya karanga zilizokusudiwa kupita humo. Baadaye njia nyingine iliongezwa kuelekea Masasi, kwa matumaini kwamba mazao ya wakulima wadogo yangejaza mabehewa. Hayakuyajaza. Msimu wa mavuno palikuwa na shughuli. Miezi iliyobaki wafanyakazi wa stesheni walilinda mizani na kengele.

Reli ilifungwa kati ya mwaka 1962 na 1963, kisha vyuma vikang'olewa. Hapa ndipo lawama huangukia serikali ya uhuru, na wapo wanaosema wazi kwamba Nyerere aliionea kusini. Tarehe zinatutaka tuwe na subira. Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, na aliyeshika nafasi hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka huo ni Rashidi Kawawa, mtu wa kusini mwenyewe. Treni ziliendeshwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, chombo cha nchi tatu, na hasara ilikuwa ya kweli. Serikali changa iliyohitaji shule na zahanati ilikuwa na haki ya kuuliza kwa nini igharamie treni tupu.

Hadi hapo nawatetea. Siwatetei katika kung'oa. Stesheni iliyofungwa hufunguliwa kwa kufyeka nyasi na kupeleka watu. Reli iliyong'olewa hununuliwa upya kuanzia taruma la kwanza. Na kilichofuata kinauma: mikorosho iliyokuwa ikipandwa kusini ilianza kuzaa kwa wingi, na kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Shehena ambayo Ruo iliingoja miaka yote ile ilikuja kukuta tuta tupu. Waliofanya hesabu ya mwaka 1962 walipima mizigo iliyokuwapo. Miti iliyokuwa bado michanga shambani haikuingia kwenye daftari, ingawa kila bwana shamba aliiona.

Naongeza jambo ambalo wanahistoria wa uchumi hulisahau. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Vita vya ukombozi wa Msumbiji viliungwa mkono kupitia eneo ambalo reli yake ilikuwa imekwisha kuondolewa, kwa malori na barabara za udongo. Na kwa nchi kavu, kusini yote iliendelea kutegemea kivuko cha Rufiji hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mwaka 2013 Mtwara ilipowaka kwa ajili ya bomba la gesi, nilisikia reli ikitajwa tena, na vijana ambao hata baba zao hawakuwahi kuiona ikipita.

Sasa serikali inazungumzia reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Liganga na Mchuchuma. Makaa ya mawe na chuma ndiyo shehena inayotajwa kwanza. Ningependa kuona ukurasa unaohusu korosho, ufuta na abiria una urefu gani katika nyaraka hizo. Na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu waende Ruo na Mkwaya mwaka huu: aliyekuwa kijana wa miaka ishirini akipakia mabehewa mwaka 1962 amekwisha kuvuka themanini.